Kahawa Ilipewa Ghala, Ndizi Ikaachwa Juani

Ingia kwenye kihamba chochote, yaani shamba la nyumbani, cha Marangu, Kibosho au Uru kwenye miteremko ya Kilimanjaro, utakuta mgomba na mbuni vimesimama pamoja, mbuni ukijisitiri chini ya kivuli cha mgomba. Udongo ni mmoja, samadi ni ile ile ya ng'ombe wa zizini, maji ni yale yale ya mfongo, mfereji wa umwagiliaji. Njia zao huachana siku ya kuuza. Kahawa hupelekwa chama cha msingi, hupimwa kwa mizani, huandikwa kitabuni, na mwenye nayo huondoka na stakabadhi mkononi. Ndizi hubebwa kichwani hadi gulioni, hutuliwa chini juu ya majani makavu, na thamani yake hukadiriwa kwa jicho la mtu yule yule anayetaka kuinunua.

Desturi ya Uchaggani iligawa hivi: kahawa ya baba, ndizi ya mama. Kila aliyekulia mlimani anaujua mgawo huo bila kusomeshwa, na ndio unaoeleza kwa nini zao moja lilijengewa maghala, mnada, chuo na kituo cha utafiti, na jingine likaachiwa kiwanja cha wazi kinachogeuka tope masika ikianza. Nasema bila kuzunguka: umefika wakati wa kulijengea zao la mama. Gulio ndilo linaloendesha nyumba za mlimani wiki hadi wiki, na halmashauri zetu zinalikumbuka siku ya kukusanya ushuru tu.

Tuanze na kahawa, kwa sababu historia yake inaonyesha kwamba tunajua kujenga tukitaka. Wamisionari Wakatoliki wa Kilema waliiotesha mlimani mwishoni mwa karne ya 19. Wachagga wakaichukua, wakaitia vihambani mwao, na walowezi waliokuwa na mashamba makubwa hawakupenda kuona mwenyeji akilima zao lile lile. Mwaka 1925 wakulima wakaunda chama cha kujilinda, Kilimanjaro Native Planters Association. Mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika, KNCU, kilichokuja kujulikana mbali nje ya mipaka ya nchi. Mwaka uliofuata kikafunguliwa kituo cha utafiti wa kahawa Lyamungo. Uhuru ulipokuwa katika mwaka wake wa pili, 1963, Chuo cha Ushirika kikaanza Moshi. Mnada wa kahawa nao ukawekwa Moshi. Vijijini vikajengwa vituo vya chama cha msingi, vyenye bati juu, kufuli mlangoni na mizani ndani. Hata serikali ilipovunja vyama vikuu mwaka 1976, kahawa haikukosa chombo cha kuinunua, na KNCU yenyewe ilirudishwa mwaka 1984.

Sina kinyongo na kahawa. Ilisomesha kizazi cha madaktari, walimu na wahandisi, na shule nyingi za mlimani zimesimama kwa fedha yake. Baridi kali ilipounguza mibuni ya Brazil Julai 1975, bei ya dunia ikapaa, na miaka michache iliyofuata ilikuwa ya neema kwa wakulima wa kahawa popote walipokuwa. Kisha Julai 1989 mfumo wa mgao uliokuwa ndani ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ukavunjika na bei ikaporomoka. Mlimani watu waliacha kupogoa mibuni iliyozeeka. Wengine waliing'oa, wakaongeza migomba, mahindi na nyanya. Mtu aliyezoea kungoja malipo ya awali, kisha ya pili, kisha ya mwisho, aliona afadhali mkungu unaolipwa papo hapo.

Na huo mkungu ulikuwa na mahali pa kwenda siku zote. Masoko ya Uchaggani ni ya kale kuliko kahawa. Yalikuwepo kabla Mjerumani hajapanda mlima, na yalikuwa mikononi mwa wanawake. Watu wa juu walishuka na ndizi, watu wa tambarare walipanda na vyao, wakabadilishana. Leo ni Marangu Mtoni, ni Mwika, ni Mkuu Rombo, ni vijiji vingi visivyotajwa kwenye ramani ya mtalii. Kila soko lina siku zake katika wiki, na masoko jirani hupishana siku, hivi kwamba mchuuzi mmoja anaweza kuzunguka nayo, leo hapa kesho kule, na mkulima aliyekosa soko la leo ana jingine si mbali. Mpangilio huo haukuchorwa na afisa mipango yeyote, na unafanya kazi vizuri kuliko ratiba nyingi tulizopangiwa na ofisi.

Asubuhi ya siku ya soko njia zote za kijiji huelekea upande mmoja. Mwanamke ana ngata kichwani, mkungu juu yake, na mara nyingi mkononi ana kikapu cha parachichi au mnafu. Akifika hakai popote tu. Ndizi huwekwa kwa jamaa zake: mshare, wanaoitaka watu wa mtori, upande wake, mzuzu wa kukaanga na kuchoma upande wake, kisukari cha kula kikiwa kimeiva, na ndizi za mbege, pombe ya kienyeji, ambazo mnunuzi wake huzijua kwa kuzigusa. Mbele kidogo kuna magimbi na viazi vikuu, kuna maharage na mahindi kutoka mashamba ya tambarare, kuna ulezi wa kutengenezea mbege, kuna magadi, dagaa, vitunguu vilivyoletwa kutoka mbali. Pembeni wako wauza mitumba na vyombo vya plastiki. Kuna anayeuza majani ya ng'ombe, kwa sababu mlimani mtu mwenye ng'ombe wawili zizini na kihamba kidogo lazima anunue malisho. Ukitaka kujua Kilimanjaro inakula nini mwezi huu, nini kimekosa mvua na nini kimezidi, zunguka soko moja saa nne asubuhi.

Hapo kuna kipimo ambacho nataka nikitetee, maana wataalamu hukidharau. Ni fungu. Nyanya tano au sita zimepangwa kama piramidi ndogo, ya juu ikiwa nzuri kuliko zote. Fungu la parachichi. Fungu la karoti. Mpita njia anaweza kusema hiki si kipimo. Ni kipimo cha haki, kwa sababu muuzaji na mnunuzi wanakiona wote wawili kwa wakati mmoja, kimewekwa wazi juani, na fungu la jirani liko hatua moja pembeni kwa anayetaka kulinganisha. Ukiliona dogo unasema, "Mama, niongezee," naye anatia nyanya ya saba, au anakataa nawe unakwenda zako. Hakuna aliyefungiwa macho. Debe na sado navyo vina mizozo yake, kutikisa na kutotikisa, kujaza hadi kilemba au kusawazisha mdomoni, lakini bado vinajazwa mbele ya wote wawili.

Dhuluma huanza pale mzigo unapokuwa mkubwa na macho yakabaki ya upande mmoja. Wakulima wa viazi na vitunguu wanaijua vizuri kwa jina la lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba juu likabeba zaidi ya kiwango na kulipwa kama gunia moja. Hiyo angalau ina sheria yake. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inaikataza, Wakala wa Vipimo hupita kuikamata, na mkulima anayejua haki yake anaweza kusema kwamba gunia la mazao halipaswi kuzidi kilo 100. Mkungu wa ndizi hauna hata huo ulinzi. Ni mkungu tu. Mkubwa, wa kati, mdogo. Mnunuzi anayejaza fuso kwa safari ya Dar es Salaam huutazama, huugeuza, hutaja bei, na mama aliyeupalilia kwa zaidi ya mwaka mzima hana kitu cha kumjibu isipokuwa kukataa na kuurudisha nyumbani kichwani.

Wengi hawakatai. Jua limepanda, mtoto anahitaji daftari, mafuta ya kupikia yameisha, na mchango wa kikoba ni leo. Mnunuzi anajua yote haya, ndiyo maana baadhi yao husubiri mchana ukolee ndipo wataje bei ya mwisho. Wapo pia wasiongoja gulio. Huingia kihambani siku mbili kabla, wakaununua mkungu ukiwa bado juu ya mgomba, kwa bei ambayo haikushindana na ya mtu mwingine yeyote. Mwanamke aliyeuza namna hiyo amekosa faida kubwa ambayo gulio linampa, kwamba pale sokoni wanunuzi ni wengi na kila mmoja anasikia mwenzake ametaja nini.

Ndizi ile husafiri zaidi ya kilomita 500. Sehemu kubwa hushushwa Mabibo, kwenye soko ambalo wakazi wa Dar wanalijua kwa jina la Mahakama ya Ndizi. Hapo ndizi za Moshi hukutana na za Tukuyu na za Bukoba, na hapo ndipo bei ya kweli ya siku hujulikana. Nyingine huvuka mpaka kupitia Holili na Tarakea kwenda kwa walaji wa Kenya. Kila mtu katika mnyororo huo anajua bei ya anakouzia kuliko ya anakonunulia. Mama wa Mwika peke yake ndiye anayeuza bila kujua ndizi yake itauzwa ngapi mwisho wa safari. Simu imeanza kubadilisha hilo. Mwenye binti Mabibo au Manzese hupiga asubuhi akauliza, "Mkungu huko umeamkaje?" na siku hiyo hadanganyiki. Asiye na binti mjini anabaki na bahati yake.

Sitaki kumfanya mchuuzi adui. Yeye ndiye anayelipia lori, anayevumilia ndizi zikichubuka njiani, anayekuta soko limejaa na kuuza kwa hasara ili zisiivie mikononi mwake. Wachuuzi wengi ni wanawake wa vijiji hivi hivi, walioanza na mikungu mitatu ya jirani. Bila wao ndizi ya Kilimanjaro ingeishia Moshi mjini. Tatizo ni kwamba tumewaacha mkulima na mchuuzi wakutane bila kitu cha tatu katikati yao, kitu kisicho na njaa wala haraka. Kwa kahawa kitu hicho tulikiweka zamani. Kinaitwa mizani.

Ndizi ikipimwa kwa kilo, mama mwenye mkungu mzito atalipwa uzito wake, na mwenye mkungu mwepesi hatabebeshwa lawama. Nimesikia hoja kwamba ndizi hazilingani, kwamba kilo ya mshare si kilo ya ndizi za mbege, na kwamba mabua ya mkungu nayo yana uzito. Kahawa nayo ina madaraja, tena mengi, na hayakutuzuia kuipima. Kila jamaa ya ndizi iwe na bei yake ya kilo, iandikwe kwa chaki kwenye ubao mlangoni pa soko pamoja na bei ya jana ya Mabibo, na asiyetaka kuuza kwa kilo auze kwa mkungu au kwa chane kama kawaida. Mizani inayosimama pale sokoni, iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo, hata asiyeuza kwa kilo inamsaidia, kwa sababu anaweza kuuweka mkungu wake juu yake kwanza akajua anauza nini, ndipo arudi kwenye mapatano.

Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na tunavyotumia kwingine. Soko Kuu la Kariakoo lilipoungua Julai 10, 2021, serikali haikusita. Zaidi ya shilingi bilioni 28 zilitengwa kulikarabati lile jengo lililosanifiwa na Beda Amuli na kujenga jipya pembeni yake, na mimi ni miongoni mwa waliofurahi, kwa sababu jengo lile lilifunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1975 na ni fahari ya ufundi wa Mtanzania. Lakini Kariakoo hulishwa na vijiji. Fedha ikitengwa kwenye mdomo wa mto na chemchemi ikasahaulika, tumejenga kwa upande mmoja.

Sasa niseme la ushuru, kwa sababu hapa ndipo wanawake wa gulioni wananung'unika zaidi, na wana haki. Anayetandika mazao yake hukatiwa risiti, siku hizi kwa mashine. Kiasi chenyewe huwa kidogo kwa mwenye lori na kikubwa kwa mwenye mkungu mmoja, kwa sababu mara nyingi hutozwa kwa nafasi ya kukaa, bila kujali amekuja na nini. Akiuza mikungu mitano au asipouza hata mmoja, risiti ni ile ile. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha hatua nzuri. Ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na mkulima anayesafirisha chini ya tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine akaondolewa ushuru huo. Ilikuwa sera ya kumfikiria mtu mdogo. Mwaka uliofuata, Desemba 2018, Rais Magufuli akagawa vitambulisho 670,000 vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000 kila kimoja ili wasisumbuliwe. Dhamira ilikuwa njema pia. Ila mama wa gulioni, anayeuza ndizi za kihamba chake mara moja au mbili kwa wiki, si machinga wala msafirishaji. Yeye ni mkulima aliyekuja kuuza alichovuna. Nafasi yake katika sheria hizi haijawekwa wazi, na kwa kuwa haijawekwa wazi, anaamuliwa na mtu mwenye mashine ya risiti asubuhi hiyo.

Anacholipa kingemuuma kidogo kama angekiona kikirudi. Nenda kwenye gulio la kijiji wakati wa mvua. Choo, kikiwepo, ni cha shimo, hakina maji, na wanawake wengi hujizuia kunywa tangu alfajiri ili wasilazimike kukiingia. Waliokuja na watoto wachanga huwanyonyesha chini ya mwavuli. Ndizi iliyolowa na kupakwa tope hushuka bei, na hiyo ni hasara ya mkulima, wala haihesabiwi popote. Jioni taka za siku nzima, majani, mabua, nyanya zilizopondeka, hubaki pale hadi mbwa na upepo wamalize. Na hizo taka ni samadi! Mkoa unaolima kwa samadi ya ng'ombe unaacha lori zima la samadi lioze barabarani kila siku ya soko, kwa sababu hakuna aliyepewa kazi ya kuikusanya.

Halmashauri hujibu kwamba masoko hujengwa. Ni kweli, mengine hujengwa, na hapa nina ombi la pekee kwa wahandisi: waulizeni wanawake kabla ya kuchora. Nchi hii ina majengo ya soko yenye vizimba vya zege yasiyo na mtu ndani, wakati wauzaji wamerudi barabarani. Kizimba cha zege kinamfaa mwenye duka la kila siku. Mwanamke mwenye mikungu minne anahitaji paa refu lisilo na kuta, sakafu inayopitisha maji, mahali pa fuso kugeuzia bila kumkanyaga, na soko liwe pale pale njia za watu zinapokutana. Ukilihamisha soko mita 800 kwa sababu kiwanja cha serikali kiko huko, umeua desturi ya karne mbili, na watu watakuonyesha kwa miguu yao.

Wapo wanaosema gulio ni mambo ya kale na kwamba mbele yetu kuna supamaketi. Hoja hiyo imejaribiwa hapa hapa. Nakumatt ilikuja mpaka Moshi mjini, ikang'aa, ikafunga, na leo kampuni yenyewe haipo. Shoprite ilikuja Tanzania ikaondoka. Miaka yote hiyo Mwika hawakukosa siku ya soko hata moja kwa sababu ya mtaji kuisha, kwa kuwa mtaji wa gulio umo mikononi mwa maelfu ya watu, kila mmoja na kidogo chake. Sisemi supamaketi ni mbaya. Nasema mpango wa chakula wa mkoa hauwezi kuegemea kitu kinachoweza kufungwa kwa barua moja kutoka makao makuu ya nchi nyingine.

Kuna fedha, tena imetajwa kisheria. Halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 2023 ili urekebishwe, kisha ukarejeshwa mwaka 2024. Sehemu ya mapato hayo ya ndani ni risiti za gulioni. Hivyo mwanamke wa ndizi anachangia mfuko ambao mara nyingi haumfikii, kwa kuwa masharti yanataka kikundi kilichosajiliwa, akaunti ya benki na andiko la mradi. Vikoba vyake vipo, vina katiba, vina daftari, vina wanachama wasiokosa mchango. Maafisa maendeleo ya jamii watoke ofisini siku ya soko, waweke meza pale pale, wavisajili vikoba hivyo chini ya paa la gulio. Kikundi cha wanawake 10 kikipata mkopo wa kukodi fuso lake lenyewe mara moja kwa wiki hadi Mabibo, kitakuwa kimefanya kwa ndizi kile ambacho babu zao walifanya kwa kahawa mwaka 1925.

Hilo ndilo ninalolitamani kuliko mengine yote. Wakulima wa 1925 hawakungoja kuonewa huruma. Walikutana, wakaona bei wanayopewa si yao, wakaunda chama. Wanawake wa gulio wana kila kitu ambacho wanaume wale walikuwa nacho na zaidi: wanajuana kwa majina, wanakutana kila wiki, wanajua hesabu, wana simu, wana vikoba. Ushirika wa ndizi ungeanza na mizani moja na ubao mmoja wa bei, ungeweza kukodi ghala la chama cha msingi linalokaa tupu miezi ambayo si ya kahawa, na ungejadiliana na wachuuzi kama kundi. Chuo Kikuu cha Ushirika kiko Moshi, kwa daladala unafika. Wahadhiri na wanafunzi wake wana somo la utafiti pale Marangu Mtoni bila kupanda ndege.

Msomaji wa mjini naye asikae pembeni. Ukienda kwenu Desemba, usishushe bei ya fungu kama vile unaogombana naye ni kampuni. Mwanamke huyo amelima, amebeba, amelipia nafasi, na mara nyingi anakuuzia chini ya gharama ya jasho lake. Ukimkuta na mshare mzuri, nunua mkungu mzima upeleke Dar kwa jamaa, umlipe bei ambayo ungemlipa wa Mabibo. Muulize pia anahitaji nini pale sokoni, kisha mpigie diwani wako simu umwambie.

Na kwa madiwani wa Moshi, Rombo, Hai na Siha: mwaka wa fedha huanza Julai 1, na bajeti hujadiliwa miezi kadhaa kabla. Kwenye bajeti ijayo wekeni, kwa kila gulio mnalotoza ushuru, mizani moja iliyokaguliwa, paa moja refu, choo chenye maji na ubao wa bei. Mkishindwa kuweka hivyo vinne, acheni kukata risiti kwa mwanamke aliyekuja na mkungu wake mmoja.